Hodi ya Tatu

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Mama Kofia. Hakuwa mama wa mtu bado. Lakini mwezi wake wa kwanza kazini alisimama kwenye geti la jengo kama mwenye nyumba, na kila aliyepita kichwa wazi alirudishwa: "Kofia, baba! Kofia, kaka! Na wewe, hicho kichwa umekiazima?" Mafundi wakacheka, jina likaganda, na yeye akalipenda. Alikuwa afisa usalama wa mkandarasi, ametoka chuoni na cheti chake kwenye bahasha, na aliamini kabisa kwamba mtu anayeaga kwao asubuhi ana haki ya kurudi jioni na vidole vyake vyote kumi.

Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu fundi plasta aanguke, na Mama Kofia hakuwa akipiga kelele tena getini. Alipita macho chini, akaingia kwenye kontena walilolifanya ofisi, akafunga mlango. Na kila siku, saa nne kasoro robo, akiwa ameinamia makaratasi yake, alisikia.

Ko. Ko.

Mara mbili, kutoka juu, upande wa nyuma wa jengo, kama mtu anayegonga ubao kwa mpini wa mwiko. Kisha kimya. Kilichomtoa jasho hasa ni kile kimya. Marehemu hakuwahi kugonga mara mbili. Alikuwa akigonga mara tatu.

Kazini walimwita Fundi Hodi. Miaka yote aliyopanda majukwaa, yale mabomba na mbao wanazozungushia jengo ili mafundi wapate pa kusimama, hakuwahi kukanyaga ubao kabla ya kuugonga. Mara ya kwanza kwa mpini wa mwiko, mara ya pili kwa mpini tena, mara ya tatu kwa kisigino, mguu mmoja ukiwa bado mahali salama. Kisha anasikiliza, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa mkwewe. Ubao uliokazwa vizuri una sauti nene, fupi. Uliolegea una mwangwi. "Hodi tatu," alikuwa akisema. "Nisipokaribishwa, siingii. Mimi si mwizi." Wenzake walimtania kwamba siku ya ndoa yake aligonga kiti cha bwana harusi mpaka shehe akakohoa. Naye hakukana.

Jumanne ya wiki hiyo ya sita, mlio ule ulipokwisha, mlango wa kontena ulifunguliwa. Aliingia msimamizi wa mafundi, mtu mfupi mwenye futi ya chuma mfukoni wakati wote, ambaye kwa sababu hiyo alijulikana kama Rula.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia nini?"

"Basi, hakuna. Njiwa hao." Akatazama dari. "Au bomba. Bomba likipigwa jua linapanuka. Wewe umesoma, mimi niliyeishia kuchanganya zege ndiye wa kukufundisha?"

"Leo kuna jua, Rula?"

Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye ghorofa ya sita. Rula akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akashusha sauti.

"Ijumaa mkaguzi wa serikali anakuja kufunga faili. Bosi anasema tuseme kama ripoti ilivyosema. Jukwaa lilikaguliwa asubuhi ile, fomu ipo, saini ipo. Fundi akakanyaga ubao bila kuuhakiki. Habari imekwisha, Mungu amrehemu."

"Bila kuuhakiki. Hodi?"

"Si maneno yangu."

"Ulikuwepo, Rula."

"Nilikuwepo, lakini nilikuwa nimeinama, napima mlango."

"Na masikio yako nayo yalikuwa yameinama?"

Rula aliitoa futi yake, akaivuta kidogo, akaiachia irudi yenyewe, akatoka.

Mama Kofia alibaki akiitazama kalamu. Ilikuwa ile ile aliyosainia fomu za jukwaa.

Mwanzoni alikuwa akipanda mwenyewe. Kanuni ilikuwa wazi kama mchana: kila asubuhi, kabla mtu hajaweka mguu kwenye jukwaa, lazima likaguliwe, fomu isainiwe, na kadi ya kijani itundikwe chini ya ngazi. Alizihesabu klampu, vile vibano vya chuma vinavyokaza mbao na mabomba, moja moja, mikono ikanuka kutu, na alipotundika kadi aliona fahari kama mtu aliyewasha taa. Kisha mkandarasi akapata jengo la pili, na la tatu, pande tatu za mji.

"Bosi, mimi ni mmoja," alimwambia.

"Ndiyo, dada. Na ni mmoja hodari sana," mkandarasi alijibu, akimpigapiga bega.

Rula ndiye aliyemwonyesha njia. Hakuwa na ubaya. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa. "Saini wiki. Jumatatu unasaini fomu tano, unaniachia kadi tano, mimi natundika moja kila asubuhi. Kila kampuni inafanya hivyo, usijitie utakatifu." Wiki ya kwanza Mama Kofia alisita kwenye kila fomu. Wiki ya pili hakusita. Kufikia mwezi wa tatu alisaini fomu tano huku akinywa chai.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba fomu ya Alhamisi ile ilisainiwa Jumatatu. Jumatano, mafundi wa madirisha waliona fremu zao hazipiti ghorofa ya nne. Wakafungua klampu mbili, wakasogeza ubao, wakapitisha fremu, wakaurudisha ubao mahali pake ukiwa umelazwa tu. Hawakumwambia mtu. Alhamisi asubuhi Rula akatundika kadi ya kijani.

Na saa nne kasoro robo Mama Kofia alikuwa chini, mlango wa gari uko wazi, dereva anapiga honi, jengo la pili linamsubiri. Akasikia ko, ko, kisha sauti ya Hodi kutoka juu:

"Mama Kofia! Huu ubao hautaki wageni leo! Hebu njoo uusikie!"

Naye, mkono mmoja mlangoni mwa gari, akapaza sauti: "Fundi, kadi ya kijani! Nimeshasaini! Panda ufanye kazi, tutazeeka hapa!"

Hodi akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kukubali kushindwa. "Haya mama. Mwenye kalamu ni wewe."

Akapanda. Hodi ya tatu hakuipiga.

Hayo ndiyo ambayo hayakuwa kwenye ripoti, na walioyajua walikuwa watu wawili. Hata nyumbani yalimfuata. Jumapili mchana, akiwa anaanua nguo na mdogo wake uani, alikwenda kufungua mlango mara nne. "Dada," mdogo wake alimwambia, bado ana vibanio mdomoni, "hakuna mtu anayebisha. Una nini lakini?" Mama Kofia akasema ni upepo. Mdogo wake akatazama nguo zilizokuwa bado kambani. Hazikutikisika.

Jumatano mjane akaja.

Alikuja kuchukua vifaa vya mumewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, amejifunga khanga juu ya gauni. Hakulia. Mama Kofia akampeleka stoo mwenyewe, akamtolea sanduku la mbao lililokuwa na mwiko, pimamaji, ndoo ndogo na fulana iliyokaukiwa na saruji. Mjane akaushika mwiko, akaugeuza. Mpini wake ulikuwa umebonyea upande mmoja, umeng'aa kwa kugonga miaka mingi.

"Na vile ni nini?" aliuliza, akionyesha rafu ya juu.

Mikanda minane ilikuwa imepangwa ndani ya nailoni zake.

"Mikanda, shemeji. Fundi anajifunga, anaining'iniza juu, asianguke."

"Mbona mipya?"

Mikanda ile ilitolewa walipokuja wageni wa kupiga picha, ikarudishwa ili isichafuke. Mama Kofia aliwahi kuiomba mara mbili kwa maandishi. Mara ya tatu hakuiomba.

Mjane hakusubiri jibu. Alitoa karatasi iliyokunjwa kifuani. "Mimi nimekuja pia kuuliza neno. Wametuletea hii. Imeandikwa kwamba alikanyaga bila kuhakiki. Wewe ulikuwa unafanya naye kazi, shemeji. Mume wangu huyu huyu? Sokoni aligonga tikiti maji mpaka muuzaji akamuuliza, mzee, unanunua au unabisha hodi? Kitanda changu alikigonga. Tulipompata mtoto, aligonga kitanda cha mtoto, nikamwambia, baba, utamwamsha." Akatabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. "Binti yetu ana miaka tisa. Alikuwa anamwiga. Kila ngazi anayopanda, ko, ko, ko, na kisigino chake kidogo. Sasa amesomewa hii karatasi na watu wasio na simile. Ameacha. Jana nilimwona amepanda juu ya meza mbovu kufikia kabati, wala hakuigusa kwanza. Nikamwuliza, vipi mwanangu, hugongi? Akaniambia, 'Kumbe hata baba alikuwa hagongi kweli.'"

Kutoka juu, upande wa nyuma wa jengo, ikaja: ko. Ko.

Mjane aliinua kichwa. Mama Kofia alimwona akisubiri, midomo imeachana kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa sentensi. Haukuja.

"Nani yuko juu?" mjane aliuliza.

"Hakuna mtu, shemeji. Upande ule umefungwa tangu siku ile."

Mjane akabeba sanduku kichwani, akakataa kusaidiwa, akaenda zake. Ijumaa, alisema akiwa getini, ameitwa na mkaguzi kama familia. Atakuja.

Alhamisi Mama Kofia hakula. Jioni mkandarasi alimpigia simu, sauti laini kama ya mjomba. Akamwambia yeye ni binti mwerevu na njia yake ni ndefu. Akamwambia kwamba saini ni ya nani, wote wanajua. Jengo likifungwa, atakayekuwa wa kwanza kuulizwa si mkandarasi. "Simtishi mtu, dada. Nakulinda." Alipokata simu, Mama Kofia aligundua kwamba anaogopa kweli. Aliogopa kunyang'anywa cheti, aliogopa kuitwa mahakamani, aliogopa uso wa mdogo wake aliyekuwa akiwaambia rafiki zake kwamba dada yake huokoa watu.

Ijumaa saa tatu na nusu waliketi wote kwenye kontena. Kazi ilikuwa imesimamishwa kwa heshima ya mgeni, na mafundi walikuwa nje, wamekaa kwenye matofali, hakuna hata mmoja aliyekuwa juu. Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kisogo. Mjane alikaa pembeni ya mlango. Alikuwa ameuweka ule mwiko mapajani.

Mkandarasi alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya huzuni ya kampuni. Mkaguzi akawa anatikisa kichwa huku akifunua fomu tano za wiki ile, moja baada ya nyingine.

"Wiki ile ilinyesha sana," alisema kama mtu anayepiga soga. "Jumanne na Jumatano. Nakumbuka maana paa langu lilivuja."

"Ilinyesha, mzee," Rula alijibu.

"Na afisa alipanda na kushuka siku zote tano." Akainua fomu ya Jumatano, akaitazama kwenye mwanga. "Hata tone la tope halipo. Una mikono misafi, binti yangu."

Mkaguzi akafunga faili polepole, akavua miwani.

"Una la kuongeza kabla sijaweka muhuri?"

Mama Kofia alifungua mdomo aseme hapana. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Ko.

Mkandarasi akaacha kuchezea ufunguo wa gari.

Ko.

Rula alikuwa ameshika kikombe cha chai. Chai ikamwagika kwenye suruali yake, asiishtukie. Nje, mafundi waliokuwa wakiongea wakanyamaza wote. Kile kimya kikaingia ndani ya kontena, kikakaa katikati yao kama mtu wa sita, kikasubiri. Mama Kofia alikijua kinamsubiri nani.

"Aliugonga," alisema.

"Dada," mkandarasi alisema.

"Aliugonga mara mbili. Akaniita nikausikie. Nilikuwa chini, nimechelewa. Nikamwambia kadi ni ya kijani, nimeshasaini, apande. Mzee, fomu hiyo niliisaini Jumatatu. Zote tano nilizisaini Jumatatu. Jukwaa lile sikulipanda wiki ile hata siku moja. Yeye alihakiki. Mimi ndiye sikuhakiki. Aliacha sikio lake akafuata saini yangu. Na mikanda iko stoo, minane, kwenye nailoni. Nilikuwa na majengo matatu na niliona ni sawa. Nilijua si sawa, nikaona ni sawa."

"Binti huyu amechanganyikiwa," mkandarasi alisema. "Tangu msiba hajawa mzima. Rula, mweleze mzee."

Rula alitazama suruali yake iliyolowa. Alitoa futi mfukoni, akaiweka juu ya meza, mbele ya mkandarasi, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa nimeinama, lakini nilisikia. Kadi ile niliitundika mimi."

Mkaguzi hakupiga muhuri. Alirudisha miwani, akatoa karatasi mpya, akamwambia Mama Kofia aanze tena, taratibu, tangu Jumatatu. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa. Mkandarasi alitoka mara tatu kupiga simu. Mara ya tatu hakurudi.

Walipomaliza, Mama Kofia akamgeukia mjane. Hakuwa na maneno aliyoyaandaa; yale aliyowahi kuyaandaa yote yalikuwa ya kujitetea.

"Shemeji..."

"Kwa hiyo aligonga," mjane alisema.

"Aligonga. Ya tatu nilimkatiza mimi."

Mjane aliutazama uso wake bila chuki na bila huruma, kama mtu anayesoma hati asiyotaka kuikosea. Halafu akasimama, akaufunga mwiko ndani ya khanga.

"Nitamwambia mtoto," alisema. Akatoka bila kuaga.

Jengo lilifungwa. Kadi za kijani zilikusanywa, nyekundu zikatundikwa kila ngazi. Mama Kofia alisimamishwa kazi, cheti chake kikachukuliwa mpaka baraza la uchunguzi likae, na mdogo wake, aliposimuliwa, alinyamaza siku mbili nzima kabla ya kumwekea sahani ya chakula mbele na kumwambia, "Kula, dada. Kesi haiendwi na njaa." Mkandarasi naye alipewa tarehe yake ya kujibu. Akaamriwa kwamba kila jengo liwe na afisa wake anayepanda kwa miguu yake, mikanda itoke stoo, na fundi yeyote akikataa kupanda asilazimishwe wala asifukuzwe. Kwenye faili la marehemu, neno "bila" lilifutwa. Mkaguzi alimpelekea mjane nakala mwenyewe.

Wiki ya kumi Mama Kofia alirudi mtaa ule kupeleka barua kwa afisa mpya. Hakuingia. Aliikabidhi kwa mlinzi, kisha akabaki amesimama nje ya uzio wa mabati, begi begani. Jengo lilikuwa limefunguliwa siku hiyo hiyo. Hakuwa na saa, lakini mwili wake ulijua ni saa ngapi.

Ko, ikaja kutoka ghorofa ya nne, upande wa nyuma.

Ko.

Alifumba macho. Kimya kile kile kikamshika shingoni kwa mkono wa baridi, akakiachia kimshike, maana alikuwa ameshakubali kwamba kitaishi naye.

Ndipo kisigino kikatua. Sauti yake haikuwa nene. Ilikuwa na mwangwi.

"Huu umelegea!" fundi mmoja alipaza sauti huko juu, kijana, mzima, mkali. "Wewe wa chini! Mimi hapa sikanyagi!"

Mama Kofia alishika bati la uzio kwa mikono miwili na kusubiri asikie watakachomjibu.

"Shuka, kaka!" ilikuwa sauti ya Rula. "Shuka taratibu. Tunakuja kuuangalia."

Akasikia ngazi zikilia, hatua moja, hatua nyingine, mtu akishuka, akishuka, mpaka chini. Akahesabu zote. Hatua ya mwisho ilipogusa ardhi, alifumbua macho, akapangusa uso kwa mkono wake wenye kutu ya bati, akaenda zake.